Mahindi Yenye Kuvu

Mwaka 2004, huko Ukambani, katika wilaya za Makueni na Kitui, watu walianza kufika hospitali wakitapika, matumbo yakiwauma, na macho yao yamegeuka rangi ya manjano. Wagonjwa wa namna hiyo wajapo wengi pamoja, tena wa nyumba moja, daktari mwenye busara huuliza wamekula nini, na chakula hicho kilitoka wapi. Huko chanzo kilikuwa mahindi, mengi ya mashamba yao wenyewe, yaliyowekwa ndani ya nyumba kabla ya kukauka barabara, yakaota kuvu. Sumu ya kuvu hiyo, iitwayo aflatoksini, huharibu ini. Haina dawa ya kuipinga, wala kupika ugali hata uive sana hakuiondoi. Kufikia Julai wagonjwa walikuwa 317, na 125 kati yao walikufa.

Hapo kumtibu aliye kitandani ni nusu ya kazi tu. Habari hazina budi kuwafikia maofisa wa afya siku ile ile, ili mahindi mabaya yaondolewe majumbani na mengine yaletwe. Naye ampelekaye mgonjwa hospitali na achukue kibaba cha mahindi yaliyobaki, asiyatupe kwa haya (na wengi huyatupa), kwani yakipimwa huenda yakamwokoa jirani ambaye bado hajapika.