Wanachuo wanatuchorea ramani. Ramani ya nani?



Kama unakaa Tandale, Manzese au maeneo ya Bonde la Msimbazi huenda umeshakutana nao. Vijana watatu wanne, simu mkononi, karatasi yenye picha ya mtaa iliyopigwa kutoka juu, wanauliza kisima kiko wapi na mfereji unaishia wapi. Watu wanadhani ni wa sensa, au mbaya zaidi, ndo wale wa bomoabomoa wamekuja kupiga X. Kumbe ni wanachuo, na wengine wako fildi tu wanatafuta alama.

Kazi hii haikuanza jana. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walichora mtaa wao wenyewe, maana kwenye ramani za intaneti Kibera yote pamoja na umati wake ilikuwa doa tupu. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi wakaingia Tandale, wakishirikiana na wakazi wa palepale. Halafu 2015 ikaja Ramani Huria: wanafunzi wa Ardhi na UDSM, wakiwa na COSTECH na Benki ya Dunia nyuma yao, wakaipita Dar kata kwa kata. Kule Zanzibar, kuanzia 2016, wanafunzi wa SUZA walifundishwa hadi kurusha droni.

Shida kubwa ya Dar ilikuwa mafuriko. Mnaokumbuka mvua za Desemba 2011 mnajua. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengine wakahamishiwa Mabwepande. Sasa utapangaje mifereji au uokoaji kama hujui hata nyumba ziko wapi?

Hapa ndipo ninapowavulia kofia hawa madogo. Picha ya setilaiti inakuonyesha bati, basi. Haikwambii hilo bati ni zahanati, baa au nyumba ya wapangaji kumi. Wala haikwambii maji yalifika wapi. Hilo analijua mama aliyelala juu ya meza usiku kucha. Kwa hiyo inabidi umuulize: yalikufika kifundo cha mguu, goti au kiuno? Jibu lake unaliingiza kwenye simu, linakuwa data. Vipimo vya kitaalamu, chanzo chake ni goti la mama wa Kigogo!

Au chukua suala la mashina. Serikali inaishia kwenye mtaa. Shina ni mambo ya chama, lakini ukipotea uswahilini unamtafuta nani? Mjumbe. Yeye anajua shina lake linaanzia kwa fundi viatu na kuishia kwenye mwembe, ila yuko nayo kichwani. Wanafunzi wakatembea na wajumbe, wakaitoa kichwani wakaiweka kwenye ramani. Sio mchezo. Kipindupindu kilipoingia Dar Agosti 2015, mgonjwa akisema anakaa "nyuma ya msikiti, ulizia kwa mama fulani", bila mipaka midogo namna hiyo utajuaje ugonjwa unatokea kisima gani?

Mpaka hapo safi. Sasa tuje kwenye kinachonikera.

Desemba mwaka huohuo wa 2015 magreda yaliingia Bonde la Msimbazi, nyumba zikavunjwa mvua zikiwa njiani. Nisieleweke vibaya, sisemi ramani za wanachuo ndizo zilizoleta magreda. Serikali ilikuwa inawaambia watu wa mabondeni wahame miaka mingi kabla ya hapo. Ila jiweke kwenye nafasi ya mkazi. Mwanzoni mwa mwaka kijana mpole anahesabu nyumba yako, mwishoni mwa mwaka nyumba haipo. Utamfungulia mlango kijana mwingine?

Na tuwe wakweli, ramani hizi ni huria kama jina lake. Data zinaingia OpenStreetMap, ile ramani ya bure iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuzichukua. Msalaba Mwekundu wanaweza kuzitumia kuokoa watu. Dalali wa viwanja naye anaweza. Ndo maana ya huria. Mi sipingi, napinga kumwambia mkazi nusu ya habari. Anaambiwa "itasaidia maendeleo", haambiwi kwamba ikishapanda haifungiwi kabatini.

Uzito wake unaonekana zaidi hela zikija. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilipitisha dola milioni 200 kwa ajili ya Bonde la Msimbazi, na ndani yake kuna kuhamisha watu. Kwenye mradi kama huo mstari ukisogea mita chache, kuna familia inaingia na nyingine inabaki nje. Mwenye nakala ya ramani anaweza kubisha. Asiye nayo atabaki kusimulia.

Kwa hiyo maoni yangu: kabla data haijafika kwenye seva, nakala iliyochapwa ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, kwa Kiswahili, watu waione na waisahihishe. Ramani Huria walichapa ramani na hata atlasi, sawa, lakini mpangaji wa Buguruni ana nakala? Na vyuo viweke bajeti yao japo ndogo. YouthMappers, ule mtandao wa wanafunzi wachora ramani ulioanza 2015, ulipata msaada wa USAID, na USAID yenyewe ilifungwa 2025. Mfadhili akiondoka mafuriko hayaondoki naye.

Sasa wewe uliyewahi kwenda fildi ya namna hii, nakuuliza kiungwana. Mkazi alipokuuliza "hii itanisaidia nini mimi?", ulimjibu nini?