Sheria ya kumlinda shahidi ipo, ila nani anamfikisha mahakamani?

Mnamo Juni 2023, watu 65 waliookolewa kutoka msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, walifikishwa katika mahakama ya Shanzu. Hawakuitwa kusimulia yaliyowapata. Walishtakiwa kwa kujaribu kujiua, baada ya kukataa chakula katika kituo walikokuwa wamehifadhiwa. Watu walionusurika mahali palipofukuliwa zaidi ya miili 400 wakajikuta ni washtakiwa. Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Si kwamba Kenya haina sheria. Kifungu cha 50 cha Katiba kiliagiza Bunge litunge sheria ya ulinzi, haki na maslahi ya waathiriwa wa uhalifu, na sheria hiyo ikapatikana mwaka 2014. Kabla yake kulikuwa na Sheria ya Ulinzi wa Mashahidi ya 2006, ambayo marekebisho ya 2010 yaliipa shirika lake maalum.

Mwananchi anapata nini humo? Mwathiriwa ana haki ya kuelezwa kesi imefika wapi, kupewa mkalimani bila malipo, na usalama wake kuangaliwa mshtakiwa anapowekewa masharti ya dhamana. Kabla ya hukumu kutolewa, anaweza kuieleza mahakama jinsi alivyoumizwa, na anaweza kudai fidia. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilithibitisha katika kesi ya Waswa kwamba mwathiriwa anaweza kusikizwa wakati kesi ikiendelea, hata kupitia wakili wake, mradi kiongozi wa mashtaka abaki ndiye mwenye kuiendesha. Shahidi aliye hatarini naye anaweza kufichwa jina, kutoa ushahidi nyuma ya pazia, au hata kuhamishwa makao.

Haya yote yako kwenye karatasi. Kesi nyingi huvunjika njiani, baina ya kituo cha polisi na kizimba cha shahidi.

Chukua mfano wa mtoto aliyenajisiwa kijijini. Mamake ataandikisha ripoti polisi, atampeleka hospitali, fomu ya P3 itajazwa, mshukiwa atakamatwa. Mpaka hapo jirani wote wako upande wake. Kisha zinaanza tarehe. Leo hakimu yuko likizo, mwezi ujao wakili wa mshtakiwa hakufika, safari ya tatu faili haionekani. Mkazi wa Kizingitini akiitwa mahakama ya Lamu hupanda boti. Wa vijiji vya ndani Ganze huanza na bodaboda ndipo apate matatu. Kila tarehe ni nauli ya watu wawili na kibarua cha siku nzima kilichopotea. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inairuhusu mahakama kuagiza serikali imlipe shahidi gharama zake za kuridhisha, lakini mama huyo atajuaje kuomba kitu ambacho hakuna aliyemwambia kipo?

Wakati huo mshtakiwa ameshatoka kwa dhamana na anapita mbele ya mlango wake. Wajumbe wanaanza kuja jioni: sisi ni watu wamoja, tumalizane nyumbani, kesi ya nini? Kinawekwa kikao, pesa zinatajwa, pengine hata ndoa. Wazee wetu wana heshima yao na wamesuluhisha ugomvi mwingi wa mashamba na mirathi. Lakini kosa la kumnajisi mtoto si lao kulifuta. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kinaacha uamuzi wa kusitisha kesi kama hiyo kwa mkuu wa mashtaka ya umma. Familia haina uwezo huo, na afisa wa polisi hana.

Mama asipofika mahakamani, hakimu hawezi kumfunga mtu kwa kusoma faili. Mshtakiwa anaachiliwa, nasi tunasikia kwenye redio kwamba ushahidi ulikosekana. Ushahidi ulikuwepo, umekaa nyumbani bila nauli, na kwa hofu.

Hatua nzuri zimepigwa. Mwaka 2022 Jaji Mkuu Martha Koome alizindua Shanzu mahakama maalum ya kesi za dhuluma za kingono na kijinsia, na Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa ina kituo cha kuwahudumia manusura. Lakini vyote viwili viko Mombasa. Mtu wa Tana River au Kiunga anahitaji huduma hiyo karibu naye.

Yanayohitajika si makubwa. Kila mahakama iwe na dawati la kulipa nauli ya shahidi siku hiyo hiyo. Pawe na afisa mmoja anayempigia mwathiriwa simu kumwambia tarehe mpya, na kumjulisha kabla mshtakiwa hajaachiliwa kwa dhamana. Na hazina ya waathiriwa iliyowekwa na sheria ya 2014 itengewe pesa za kweli katika bajeti. Wabunge wetu wa Pwani waulizwe hilo wanapokuja kuomba kura.

Kwa aliye na kesi leo: usiondoke kituoni bila nambari ya OB. Ukitishwa, ripoti tena, na umwambie kiongozi wa mashtaka kabla ombi la dhamana halijasikizwa. Simu 116 ni ya kuripoti madhila ya watoto, na 1195 ni ya dhuluma za kijinsia. Zote ni bure.