Udhuru wa Saa Chache

Katika ghuba ya Gowanus, Brooklyn, mjini New York, mitambo ya umeme ilipandishwa juu ya matishari mwaka 1971. Kazi yake ni kujazia upungufu: joto lizidipo na kila nyumba ikawasha kiyoyozi, mitambo hiyo huchoma gesi au mafuta. Watetezi wake husema kwamba, maadamu huwaka saa chache kwa mwaka, moshi wake si kitu.

Udhuru huo ni dhaifu. Saa hizo chache ndizo za jua kali, nalo jua ndilo liwezeshalo oksidi za nitrojeni kuzaa ozoni iumizayo mapafu. Basi sumu hutolewa wakati ule ule iwezapo kudhuru zaidi.

Mwaka 2019 jimbo la New York lilitoa kanuni ya kuuzuia moshi huo kwa awamu, ya mwisho ikiwa Mei 2025. Walakini mwaka 2023 wasimamizi wa gridi waliamua baadhi ya mitambo ibakizwe, kwa kuhofia upungufu wa umeme siku za joto. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini miaka minne ya onyo ilikuwa imekwisha pita, na badala yake haikuwa tayari. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jirani wa mtambo hapumui kwa hesabu ya mwaka. Hupumua saa ile ile uwakapo.