Alama Chini ya Chungu

Watu wakisifia vile vyombo vya maua vya kaure vya Ufaransa, vya kiwanda cha Sèvres, jina la kwanza utakalosikia ni la mfalme. Eti hiki cha Louis wa 15, kile cha Louis wa 16. Kwani mfalme alikanda udongo? Alikesha kwenye tanuri? Alikuwa mwenye kiwanda tangu 1759, basi.

Mimi nasema kipindue. Huku juu kuna dhahabu na umbo la kuiga mitungi ya Wagiriki na Warumi wa kale, kila mtu anashangaa. Chini kuna herufi L mbili zimesokotana: hiyo ni ya mfalme. Ndani yake kuna herufi ya mwaka, A ni 1753, na kuendelea. Halafu pembeni utakuta alama ndogo ya mchoraji, na mara nyingine ya aliyepaka dhahabu. Charles-Nicolas Dodin, fundi hodari wa kuchora watu, alitia k ndogo tu. Kwa hiyo k, zaidi ya miaka 200 baadaye, mkono wake unajulikana. Labda wakubwa walitaka kuwahesabia kazi tu. Sawa, lakini jina limebaki. (Mchochea kuni hakupata hata nukta, na hilo nalo linaniuma.)

Na kiwanda chenyewe kilianzia Vincennes, 1740, kwa ujuzi wa ndugu wawili wa ukoo wa Dubois waliotoka kiwanda cha Chantilly. Watu waliohama na kazi yao kichwani, jamani!

Sasa tuje kwetu. Kwenye maonyesho yaliyopita vikapu, vitambaa na vyungu vya vijana wetu vilipangwa meza moja, kibandiko kimoja: "Kazi za wakimbizi". Jina la mfadhili lilikuwa kubwa kama mlango. Nikauliza, nikajibiwa kwamba majina yote yatajaza karatasi. Sèvres iliwatosha herufi moja!

Wengine wanasema tunafichwa kwa usalama wetu. Asiyetaka jina lionekane achague alama: samaki, nyota, herufi. Lakini aulizwe yeye, siyo aamuliwe.

Kikundi chetu cha ufinyanzi hakitangoja kibandiko kingine. Kila chungu kitachorwa alama ya mfinyanzi chini, udongo ukiwa bado mbichi, ndipo kichomwe. Daftari la alama ninalo mimi. Wenye vikapu, njooni tuone yenu itakaa wapi.