Umuko Haujafa, Umelala

Nataka kuutetea mti mmoja ambao wengi wetu huupita kila siku bila kuutazama.

Kiangazi cha mwaka jana, nyumbani kwetu Nyakabuye, nilitwaa shoka niukate umuko ulio kando ya ua. Haukuwa na hata jani moja, nami nikaona ni kuni tu. Nilikuwa nimekwisha upiga mara tatu bibi yangu aliponizuia. "Mjukuu wangu, huo haujafa, umelala." Baada ya majuma mawili matawi yale makavu yalijaa maua mekundu kama makaa ya moto, na ndege wakaja kunyonya asali yake. Niliona haya sana. Kovu la shoka lingalipo mpaka leo.

Basi, wenzangu, tujifunze kuutambua. Gome lake ni nene, lina nyufa na miiba. Majani yake hutoka matatu matatu katika kikonyo kimoja. Maganda yake yamebanwa kati ya mbegu na mbegu, na mbegu ni nyekundu zenye doa jeusi. Mbegu hizo zina sumu, zisitiwe kinywani. Wataalamu huuita Erythrina abyssinica, nao huota tangu Ethiopia hata kusini mwa Afrika. Wazee wa Rwanda husimulia kuwa Ryangombe, alipopigwa pembe na nyati, alikufa penye umuko; ndiyo maana mti huu uliheshimiwa.

Wako wanaotaka tupande jakaranda katika njia ya shule. Jakaranda ni mzuri, sikatai, nao pia hupukutisha majani. Lakini asili yake ni Amerika ya Kusini, na umuko ni wetu, tena mizizi yake hurutubisha udongo. Kuupanda si kazi: kata tawi nene, liache kidonda kikauke siku chache, kisha lichomeke ardhini mvua za Septemba zinapoanza. Mwenye mbegu azilowekee usiku kucha kwanza.

Nanyi ndugu zetu mliokwisha maliza masomo, mkija kututembelea, kila mmoja alete tawi lake. Na mwenye shoka mkononi, namwomba jambo moja tu: angoje mvua kwanza. Asiyekujua hakuthamini.