Upepo wa Nani, Kazi ya Nani?

Mwaka 1972 Bunge la Norway liliamua kwamba mafuta ya bahari ya nchi ile yasiachiwe wageni peke yao, likaunda kampuni ya taifa, Statoil. Tangu 2018 kampuni hiyo yaitwa Equinor, na serikali ndiyo mwenye hisa mkubwa. Twaitaja leo kwa sababu ndiyo iliyojenga shamba la kwanza duniani la mitambo ya upepo ielayo baharini, nalo lina jambo ambalo yafaa kila mfanya kazi alitazame.

Shamba hilo, Hywind Scotland, lilianza kazi mwaka 2017, kilomita 25 hivi kutoka Peterhead, bandari ya wavuvi. Maji ya huko yana kina cha mita mia moja hivi, kwa hiyo mitambo haikujengwa juu ya nguzo zilizokita chini. Kila mmoja wasimama juu ya pipa refu la chuma lililotiwa farumi, likazama mita 78, likashikwa kwa minyororo na nanga tatu. (Mabaharia wetu wa majahazi hawana haja ya kuelezwa kazi ya farumi.) Mitambo mitano, megawati 30. Ni kazi ya kusifiwa, nasi twaisifu.

Walakini mapipa yale yalifuliwa Hispania. Mitambo iliunganishwa Stord, Norway, ndipo ikakokotwa na tagi kuvuka bahari. Mwaka 2024, ilipohitaji matengenezo makubwa, ilikokotwa tena mpaka Norway. Mafundi wa Scotland, wenye upepo, walipewa nanga.

Wako watakaotujibu kwamba Norway ina ghuba zenye kina kirefu, panapofaa kuyasimamisha mapipa hayo. Ni kweli. Je, ghuba hizo ndizo zilizoamuru chuma kifuliwe Hispania? Vyama vya wafanya kazi vya Scotland vimelalamikia mtindo huu wa kazi za upepo kwa miaka mingi, nasi twaona wana haki. Norway yenyewe, katika miaka ya 1970, iliwadai wageni watumie bidhaa na mafundi wa Norway.

Kampuni hii si ngeni kwetu. Mwaka 2012 ilivumbua gesi katika bahari kuu ya Tanzania. Basi twataka kila mkataba wa bahari yetu, uwe wa gesi au wa upepo, utaje bandari, karakana na hesabu ya mafundi wa nchi, kabla wino wa sahihi haujamwagwa.