Waraka kwa Wanaushirika wa Busasamana: Kinachotoka Shambani Kirudi Shambani

Ndugu zangu wanaushirika, akina mama na akina baba, na ninyi vijana mnaorithi mashamba haya,

Mavuno ya msimu huu yamekwisha kupakiwa, nami nawaandikia nikiwa na uchungu. Malori mengi yalipakia usiku, mbali na ghala letu, viazi vilivyong'olewa kabla ya kukomaa. Vilinunuliwa na madalali waliowakopesha wenzetu fedha tangu viazi vilipokuwa vinachanua. Simlaumu mzazi aliyebanwa na ada ya shule. Kinachonisikitisha ni kwamba alibanwa akiwa peke yake, na sisi tulikwisha kuahidiana kwamba jambo hilo halitatokea tena miongoni mwetu.

Ndugu zangu, udongo huu wa volkano umetulisha kwa muda mrefu hata tukadhani hauchoki. Unachoka. Anayepanda viazi juu ya viazi, msimu baada ya msimu, bila kupisha mahindi, maharage au ngano, hajidhuru mwenyewe tu. Mnyauko husafiri ndani ya mbegu, hushikamana na jembe, hushuka na maji ya mvua mpaka kwa jirani wa chini ya mteremko, ambaye pengine alifuata kila tulichokubaliana. Vilevile nimeona makinga maji yaliyochimbwa siku za Umuganda, kazi yetu ya pamoja ya kila mwezi, yamelimwa ili kupata mistari miwili zaidi ya viazi. Kazi ya mikono ya watu wengi imefutwa na mmoja kwa asubuhi moja, nasi tukapita njiani tukinyamaza.

Tusisahau tuliyoyaona karibu nasi. Msitu wa Gishwati ulikuwa na hekta 28,000 hivi katika miaka ya 1970. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki kama 600. Malisho, mashamba na makazi ya watu waliorudi nchini bila ardhi viliumega, na kila aliyeumega alikuwa na sababu yake. Kisha usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya, unaotoka katika milima hiyo, ulifurika na kuingia majumbani mwa ndugu zetu wa wilaya hii hii ya Rubavu. Katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini watu zaidi ya 130 walifariki. Mvua ilikuwa kubwa mno, ni kweli. Lakini mteremko ulio wazi hauwezi kuipunguza kasi mvua ya namna hiyo.

Lipo jambo moja tunalolijua sote, na ndilo ninalotaka tulitafakari kwa utulivu. Tangu mpango wa Girinka uanze mwaka 2006, aliyepewa ng'ombe anapaswa kumpa jirani ndama jike wa kwanza. Utaratibu huo haukumfanya mtu kuwa maskini. Ulileta maziwa katika nyumba ya pili na samadi katika shamba la pili, na kati ya nyumba hizo mbili ukaleta udugu ambao hakuna dalali awezaye kuununua. Kwa nini basi tukubali sheria hiyo kwa ndama na kuikataa kwa viazi, kwa mbegu na kwa fedha? Nasikia pia kwamba wapo waliouza ndama wa jirani. Ninawasihi waliofanya hivyo waende kwa jirani huyo wenyewe, kabla hawajaitwa.

Kazi hii ya kurudisha shambani kilichotoka shambani haiwezi kufanywa na wakulima peke yao. Wafugaji wana samadi, nasi tuna mabua na majani ya kulisha mifugo. Tubadilishane, badala ya wao kutupa na sisi kuchoma. Mwaka 2009 kila umurenge (kata) nchini ulipata SACCO yake, 416 kwa jumla, ili mtu wa kijijini apate mkopo karibu na kwake. Akiba yetu ikikaa humo, na ushirika ukimdhamini mwanachama wakati wa ada, dalali hatakuwa na mlango wa kuingilia. Akina mama wanaouza Goma kupitia mpaka wa Petite Barrière wanajua bei ya kweli kuliko yeyote kati yetu, na bado hatujawahi kuwakalisha mezani tunapopanga bei. Hilo ni kosa la viongozi, nami nimo. Mpaka huo ulipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO, wafanyabiashara wadogo waliunganisha mizigo yao ili iendelee kuvuka. Walitufundisha kwa vitendo. Parokia na shule nazo zina viwanja na vijana. Vitalu vya miche ya miti kwa ajili ya miteremko yetu vianzie huko.

Kwa hiyo naomba Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, Umuganda ukimalizika, tusitawanyike. Tumewaalika wafugaji, wawakilishi wa SACCO, wauzaji wa mpakani na walimu. Kila mwanachama aje akijua ni sehemu gani ya shamba lake haitapandwa viazi msimu ujao, na anaweza kutenga kiasi gani cha mbegu safi kwa ajili ya mwenzake. Mliouza usiku, njooni pia. Mtakaribishwa, na deni la dalali tutaliangalia pamoja kabla ya jambo jingine lolote.

Ndugu yenu katika kazi,
Mwenyekiti